Niuze, Nisiuze?

Mimi si mtu wa kukaa kimya. Nyumbani kwetu nikinyamaza wanadhani naumwa. Ndiyo maana likizo ile ndefu ya chuo, nilipopata nafasi ya mafunzo katika benki ya uwekezaji, na siku ya kwanza wakatuambia kwamba kazi yenyewe ni hesabu na kufunga mdomo, nikajua hesabu nitaziweza. Hilo la pili ndilo lililonitia wasiwasi.

Benki yenyewe si hii mnayoijua ya kupanga foleni na kitambulisho mkononi. Haina hata dirisha la kutolea pesa. Kazi yake ni kuwashauri wenye nazo. Kampuni ikitaka kununua kampuni nyingine, au ikitaka kuuzwa, inakuja pale, inapewa jina la bandia ili hata mkisikika mkizungumza kwenye lifti asijulikane anayesemwa, halafu sisi vijana tunakaa kwenye kompyuta kutengeneza majedwali na slaidi mpaka macho yanakuwa mekundu.

Bosi wangu tulimpa jina la Pambizo. Unaweza ukamletea hesabu za kampuni nzima, hazina kosa hata moja, yeye akachukua rula, tena ile ya plastiki ya watoto wa shule, akapima pambizo, ule ukingo mtupu wa kila ukurasa. Likizidi kidogo anakurudishia bila neno. Lakini hakuwa mtu mbaya. Siku niliyoshikwa na tumbo ni yeye aliyenipeleka zahanati, akanisubiri nje, na njiani akaninunulia maji.

Halafu kulikuwa na mama mmoja wa idara ya kanuni. Tulimwita Mama Kanuni, mbali na masikio yake. Huyo ndiye aliyetukalisha kitako na kutusomea sheria. Mtu akijua siri ya kampuni kabla soko halijaijua, haruhusiwi kununua wala kuuza hisa za kampuni hiyo. Haruhusiwi kumwambia mtu. Haruhusiwi hata kumkonyezea. Na watu anaoishi nao nyumba moja, wakitaka kuuza hisa zozote, lazima kwanza waombe ruhusa kwake.

"Mkawaambie leo leo," akasema. "Msije mkaniletea habari za kusahau."

Nikaenda nikamwambia Shangazi.

Shangazi ni dada yake baba, ndiye aliyenilea tangu sijaota meno ya ukubwa. Ni fundi cherehani, na ada yangu ya chuo imetoka kwenye magauni ya watu. Zamani alifanya kazi kwenye kiwanda cha rangi, upande wa kufunga makopo, na kiwanda kilipoingia soko la hisa wafanyakazi wote waligawiwa hisa kidogo. Wenzake waliziuza upesi wakanunua magodoro. Yeye akazishika, na kila alipopata akiba akaongeza nyingine.

Sasa wakati huo hisa zile zilikuwa na kazi. Chumba anachoshonea ni cha kupanga, chini ya ghorofa, mlango unatazama barabara. Amekaa humo miaka. Mwenye nyumba, mzee wa watu, alikuwa anahamia kwa binti yake na anauza jengo chumba kimoja kimoja. Kwa heshima ya Shangazi akampa nafasi ya kwanza: alete pesa kabla ya mwisho wa mwezi, chumba chake. Asipoleta, kinakwenda kwa mfamasia wa mlango wa pili, ambaye alishatangaza kwamba atabomoa ukuta apanue duka. Pesa ya Shangazi yote ilikuwa kwenye zile hisa, hana pengine.

"Niombe ruhusa?" Alicheka mpaka ikabidi atoe pini mdomoni. "Niuze mali yangu mwenyewe, halafu nimwombe ruhusa mwanamke ambaye hata kiuno chake sijawahi kukipima?"

"Shangazi, sitanii."

"Haya, Bibi Benki. Nimesikia. Nitaomba."

Basi. Alisikia, na alisema amesikia. Mkumbuke hivyo.

Mwanzoni mambo yalikuwa raha tupu. Kila jioni nikirudi, Shangazi ananiwekea chakula, anaketi mbele yangu, ananiuliza, "Enhe, soko limeamkaje leo?" Nami najimwaga. Namweleza riba, namweleza faida, natia chumvi pale inapopungua. Yeye anatikisa kichwa kama anasikiliza redio. Mjini kulikuwa na tetesi kwamba kampuni ya nje inataka kukinunua kile kiwanda cha rangi, na hisa zake zilikuwa zinapanda taratibu. Shangazi alikuwa anamalizia na swali lilelile: "Niuze, nisiuze?" Nami namjibu lilelile: "Mimi mwanafunzi tu, muulize dalali wako wa hisa." Tunacheka, tunatoa vyombo.

Siku moja Pambizo akaniita kwenye chumba cha kioo. Kulikuwa na kazi iliyopewa jina la Tausi, msichana aliyekuwa anaishika amekwenda kujifungua, nikae mimi. Nikafungua faili. Kiwanda cha rangi. Kile kile!

Nikasoma nikiwa nimeshika meza. Wanunuzi walikuwa wamewatuma wataalamu wao wakague, na wataalamu wakakuta ardhi chini ya kiwanda imelowa kemikali za miaka nenda rudi, na kuisafisha ni gharama ya kutisha. Wanunuzi walikuwa wanajitoa. Tangazo lingetoka mwisho wa mwezi, na likitoka, bei ya hisa itaporomoka. Chumba cha Shangazi kinakwenda nayo.

Sikungoja. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Kanuni, nikamwambia, "Shangazi yangu ana hisa huko."

Akavua miwani. "Umeshaisoma ile faili?"

"Nimeisoma."

"Basi hata nikikutoa huwezi kuisahau. Kaa hapo hapo, ufunge mdomo."

"Na akija kuomba ruhusa ya kuuza?"

"Nitamkatalia. Na wewe usimwambie kwamba nitamkatalia, maana hiyo nayo ni habari." Akaniangalia kwa huruma, hilo sitamnyima. "Pole, binti yangu. Kazi hii wakati mwingine inamkaba mtu."

Jioni ile nilitamani nisirudi nyumbani. Nikarudi. Chakula kikaja, Shangazi akaketi.

"Enhe, soko limeamkaje?"

"Salama."

"Salama tu?"

"Nimechoka, Shangazi."

"Wewe? Umechoka kusema?" Akaweka kijiko chini. "Haya nijibu moja tu ukalale. Niuze, nisiuze?"

Nikainuka nikaenda kuosha vyombo. Vyombo vyenyewe vilikuwa safi. Nikaviosha hivyo hivyo, nimempa mgongo. Halafu nikasikia anacheka polepole.

"Aaa! Zitapanda!"

"Sijasema kitu mimi!"

"Ndiyo hivyo, hujasema. Nakujua. Ingekuwa habari mbaya ungeshalia zamani. Basi siuzi mpaka siku ya mwisho kabisa."

Jamani! Mtu unaficha jambo, na mwenzako anachukua kule kuficha kwako anakusoma kinyume. Neno moja tu lingetosha. "Uza." Silabi mbili, hata chafya ni ndefu zaidi. Na neno hilo lingekuwa wizi: Mama Kanuni alilieleza vizuri, na mimi nililielewa vizuri, kwamba hisa zile angezinunua mtu mwingine, pengine shangazi wa mtu mwingine, asiyejua kitu.

Kesho yake Shangazi akaja na ujanja. "Usiniambie. Mimi nazungumza peke yangu. Kama zitapanda, niletee chumvi. Kama zitashuka, niletee maji." Nikakaa kwenye kiti kama nimepakwa gundi. Sikuleta chumvi wala maji. Tukala chakula kisicho na chumvi mpaka kikaisha, na kila mmoja akasema kitamu.

Nilianza kukonda. Nilimchukia Pambizo na rula yake, nikamchukia Mama Kanuni, nikamchukia hata tausi ambaye hajanikosea. Ofisini natengeneza slaidi za jambo litakaloivunja nyumba yetu, tena nahakikisha kila pambizo liko sawa. Nyumbani namkuta Shangazi ameegemea ukuta, anachagua rangi ya kupaka kile chumba cha kushonea. "Unaonaje kijani hafifu?" Nasema ni nzuri. Nakwenda bafuni, nafungulia maji, nalia.

Siku ya mapumziko uvumilivu ukatushinda. Nilikuwa dukani kwake nikimshikia kitambaa anakata, akaacha mkasi katikati.

"Mimi nimekulea. Nimekuogesha, nimekusomesha. Leo unanificha jambo la chumba changu?"

Maneno yalinichoma, hasira ikanipanda. "Shangazi, yule bibi harusi uliyempanulia gauni kiunoni, ukampanulia tena kabla ya harusi, ulimwambia nani?"

"Hilo ni lingine."

"Mama yake bwana harusi alikuja kukuuliza hapa hapa. Mimi nilikuwepo. Ulimwambia nini?"

Akashika tena mkasi, akaendelea kukata. "Shika vizuri," akasema, "usije ukaniharibia kazi." Tangu siku hiyo hakuniuliza tena. Nilidhani amenisusia. Chakula aliniwekea, lakini alikuwa anazungumzia mvua na bei ya nyuzi.

Mwezi ukawa unakatika. Tangazo likatoka asubuhi, wote ofisini tukalitazama kwenye skrini, na bei ikaanza kushuka kama ndoo iliyokatika kamba. Pambizo akasema kazi imekwisha, mmejitahidi, akatupa ruhusa ya kuondoka mapema. Wenzangu wakaenda kunywa kahawa. Mimi nikatembea mpaka nyumbani ili nichelewe kufika. Nilikuwa natunga maneno ya kumpa pole, na kila nililotunga lilikuwa la mnafiki.

Nikamkuta anaimba! Amejifunga kanga vizuri, ameketi na mwenye nyumba, wanakunywa chai.

"Shikamoo, mzee," nikasema, nikiwa sielewi.

"Marahaba, binti. Shangazi yako ananimaliza kwa furaha. Kesho kutwa tunakwenda kuandikishana."

Mzee alipoondoka, Shangazi akanishika mikono yote miwili. "Umesikia habari za kiwanda? Hisa zimeanguka chali! Na mimi nimeuza jana!"

"Jana?"

"Jana! Sikiliza. Niko zangu namalizia sketi ya watu, anaingia yule mfamasia. Hodi hakupiga. Ametoa futi mfukoni, anapima ukuta wangu! Anasema anataka kujua rafu zake zitakaa wapi. Mimi ndiye mwenye futi humu ndani, apime yeye? Nikamfukuza, nikafunga duka, nikaenda kwa dalali nikamwambia uza, uza zote, zipande zisipande sitaki kujua. Ule wazimu wangu umeniokoa!"

"Shangazi," nikasema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, "ruhusa je? Ile ya kuomba?"

Akapoa. Akanishika shavu. "Nilikumbuka. Lakini ningeomba kupitia kwako, na wewe nilikuona unakonda mbele ya macho yangu. Nikasema huyu mtoto nikimtia tena katika jambo hili atavunjika. Nikauza kimya kimya, usihusike." Halafu akaanza kucheka. "Na mimi nilivyokuwa nikisoma uso wako kama gazeti! Kumbe hata nyie hamkujua kitu huko benki!"

Nikakaa sakafuni. Aliyeuza siku moja kabla ya tangazo ni mtu anayelala nyumba moja na mimi, na mimi jina langu liko kwenye kazi ya Tausi. Hata mtoto mdogo angeunganisha. Na hakuna hata mmoja wetu aliyeiba kitu. Haki ya Mungu, hakuna.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa Mama Kanuni. Nilikata shauri kusema kila kitu kabla hawajanigundua. Nikasema: kuosha vyombo, chumvi na maji, bibi harusi, mfamasia na futi yake. Alisikiliza bila kuandika. Nilipofika pa futi alifunika mdomo, nadhani alicheka.

"Nakuamini," akasema. "Mtu hawezi kuibuni hiyo futi. Lakini nina swali moja ambalo lazima niliulize, na jibu lake nitaliandika. Shangazi yako, ulimwambia kwamba lazima aombe ruhusa?"

Nikafungua mdomo. Akainua mkono.

"Ngoja kwanza. Nikueleze ndipo ujibu. Kama ulimwambia naye akauza bila kuomba, amekiuka akijua. Jina lake linakwenda kwa wasimamizi wa soko, pesa zake zinazuiwa mpaka wachunguze, na wale hawana haraka. Kama hukumwambia, hakujua. Kosa ni lako peke yako, na linaishia kwenye meza hii." Akatazama dirishani. "Lakini hutapata ajira hapa ukimaliza chuo. Na Pambizo alishakuombea. Aliniletea barua yako jana, kaipanga vizuri."

Sikujua kama anamwita Pambizo na yeye. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Nilifikiria ile kazi. Niliitaka, nisiseme uongo. Niliitaka tangu mwaka wa kwanza chuoni. Niliwaona wale wanaopita kwenye korido na kadi shingoni, nikajiona ninayo ya kwangu, nikamwona Shangazi anakaa kitako, hashoni tena usiku kucha ili mimi nisome. Nikamfikiria pia amesimama mlangoni na risiti yake ya dalali, anaambiwa pesa zako ziko kwa wachunguzi, na nyuma yake yule mtu na futi. Na kwamba aliuza kimya kimya kwa ajili ya kunionea huruma mimi.

Mwezi mzima sikudanganya juu ya hisa zile, hata kwa kijiko cha chumvi.

"Sikumwambia," nikasema.

"Una hakika?"

"Nilisahau."

Yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia tusije na habari za kusahau. Kisha akachukua kalamu akaandika, na alipomaliza akainuka akanifungulia mlango, jambo ambalo sijawahi kumwona akimfanyia mtu.

Pambizo nilimkuta kwenye meza yangu. Mama Kanuni alishampigia simu. "Ningependa kuelewa," akasema, "msichana makini kama wewe unasahauje kitu kama hicho?" Akanipa mkono, akasema nisiache shule, na akaenda zake. Hiyo iliniuma kuliko kurudisha kadi yangu ya mafunzo.

Chumba kiliandikishwa. Niliwepo. Mzee wa watu aliweka sahihi, Shangazi akaweka yake kubwa, imejaa mistari, kisha akambusu karani asiyemjua. Tulirudi dukani akazunguka kuta zote nne, akazigusa kwa kiganja, hadi nyuma ya pazia. Halafu akapiga magoti katikati ya vitambaa akalia, na mimi nikalia naye, kila mtu na lake.

Nilingoja siku chache ndipo nikamwambia kuhusu kazi. Alikuwa kwenye cherehani.

"Wamekupa?"

"Hawajanipa, Shangazi. Hawatanipa."

Akaacha kukanyaga. "Kwa nini? Ulikuwa unachelewa?"

"Hapana."

"Uliwajibu vibaya? Maana mdomo wako naujua."

"Hapana, Shangazi. Hawakuniona nafaa, basi."

Alikasirika. Aliwatukana wote, ukoo mzima wa benki, akasema atakwenda mwenyewe kuwauliza wana nini machoni. Nilimshika mkono, nikamwomba asiende, nikamwomba mara nyingi. Na nyie mnaosoma, msije mkamwambia. Hasira ikamtoka polepole, uso ukalegea, akaanza kunitazama kwa namna ambayo nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu ilikuwa huruma tupu.

"Njoo hapa, mwanangu," akasema. "Usilie. Sikia nikuambie, wala si kosa lako. Kichwa cha benki si kila mtu anacho. Hata lile la kiwanda, mlikuwa mmekaa juu yake mwezi mzima hamkuliona, mpaka mimi na wazimu wangu." Akanifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mungu amenipa chumba. Chumba hiki ni chako na changu. Vuta kiti, nikufundishe kushona. Hii kazi haitakushinda."

Nilitaka kumwambia. Haki ya Mungu nilitaka. Lakini alikuwa anatabasamu, na jua limeingia mpaka kwenye meza ya kukatia, na kuta zilikuwa zake. Nikavuta kiti nikakaa.

"Nianzie wapi, Shangazi?"

"Anza na uzi," akasema, akanipa sindano.